Kwa Nini Waifai Haifiki Chumba cha Nyuma

Mama mkubwa wangu anaishi Kibokoni, Mji wa Kale, katika nyumba aliyozaliwa. Bintiye yuko Muscat. Kwa muda mrefu, kila walipotaka kuonana kwa video, Mama alilazimika kuondoka chumbani kwake, apite ukumbini, atoke nje akakae barazani, kwa kuwa pale tu ndipo picha ilipokuwa haigandi. Mambo ya mama na bintiye, ya ndoa, ya maradhi, ya pesa, yakawa yanazungumzwa mbele ya kila apitaye kichochoroni. Alipolalamika kwa kampuni iliyomuunganishia intaneti, alishauriwa achukue kifurushi kikubwa zaidi. Akapanda kutoka megabiti 10 kwa sekunde hadi 20, akalipa miezi mitatu, na chumba cha nyuma kikabaki vilevile.

Kazi yangu ni kuvuta waya na kufunga ruta, na kisa hiki nakikuta nyumba baada ya nyumba, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni na Changamwe. Inaniuma kuona watu wakimwaga pesa kwa sababu hakuna aliyewaeleza kinachotokea kati ya ruta na kitanda chao. Nitaeleza kwa kutumia nyumba ya Mama, maana pale nilipima kila hatua, na nambari zake zinafundisha kuliko maneno matupu.

Mfereji na mpira

Tukisema "neti mbovu" huwa tunachanganya mambo mawili. Kuna intaneti inayoingia nyumbani, na kuna waifai inayoisambaza humo ndani. Ya kwanza ni mfereji wa uani, ya pili ni mpira unaoyapeleka maji hadi kwenye mimea. Mpira ukiwa umekunjika, kulipia maji zaidi hakuukunjui. Mama alilipia maji miezi mitatu.

Hapa Mombasa jambo hili lina uchungu wa kipekee. Mikongo ya baharini iliyobadilisha intaneti ya Afrika Mashariki ilitua kwetu: TEAMS ilifika mwaka 2009 ikitokea Fujairah, SEACOM ikaanza kazi mwaka huohuo, EASSy ikafuata 2010. Mawasiliano yanavuka maelfu ya kilomita chini ya bahari, ndani ya uzi wa kioo mwembamba kama unywele, kisha yanakwama kwenye mita kumi na moja za mwisho, kati ya mlango wa mbele na chumba cha nyuma.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tenganisha mfereji na mpira. Waombe wa nyumbani waache kutumia mtandao kwa dakika tano. Kaa mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, pima kasi mara tatu kwa programu yoyote ya kupimia, uandike. Kisha nenda chumba kinachosumbua, kwa simu ileile, saa ileile, upime tena mara tatu. Kwa Mama, karibu na ruta nilipata megabiti 19 kati ya 20 alizolipia. Chumbani nikapata moja na nusu, na jaribio moja likakatika kabisa. Hapo kampuni haina kosa kwenye laini yake. Ushauri wake ndio uliokuwa na kosa. Lakini ukikaa karibu na ruta nako ukapata kidogo, acha kusumbuka na kuta, piga simu kwa kampuni, kwa sababu yote nitakayoyaeleza chini hayatakusaidia.

Kusoma nguvu ya mawimbi

Vijistari vilivyo kwenye kioo cha simu visikutoshe. Kila mtengenezaji wa simu huvipanga apendavyo, na vitatu vya simu hii si vitatu vya ile. Kipimo cha kuaminika ni cha desibeli, na huandikwa kwa nambari hasi. Kwenye simu za Android zipo programu za bure zinazokionyesha. Kwenye kompyuta ya Mac, shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya waifai.

Karibu kabisa na ruta utaona -30 au -40. Ukiona -50 uko pazuri. Mafundi wengi hushika -67 kama mpaka wa simu ya video isiyokatika. Ukifika -80 kurasa hufunguka kwa kusuasua, na kwenye -90 unashika jina la mtandao tu bila kupata huduma.

Nambari hizi haziendi kama shilingi. Kila ukishuka desibeli 3, nguvu imebaki nusu. Kila ukishuka 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Ukishuka 20, ni moja ya mia. Mita moja kutoka kwenye ruta ya Mama nilisoma -38. Kitandani kwake nilisoma -84. Tofauti ni 46, maana yake nguvu iliyofika kitandani ilikuwa sehemu moja tu kati ya takriban elfu arubaini ya ile iliyokuwa karibu na ruta. Mtu akiielewa nambari hiyo hawezi tena kushangaa kwa nini kifurushi kikubwa hakikusaidia.

Sasa, ni nini kilichokula desibeli hizo 46? Umbali peke yake una hesabu yake. Kila umbali ukiongezeka maradufu mahali pa wazi, unapoteza desibeli 6. Kutoka mita moja hadi mbili ni 6, hadi nne ni 12, hadi nane ni 18, hadi kumi na moja ni kama 21. Kama nyumba ya Mama ingekuwa uwanja mtupu, kitandani pangesoma karibu -59, na angezungumza na bintiye mpaka usiku wa manane bila tatizo. Desibeli 25 zilizobaki zililiwa na vitu vilivyosimama njiani, na kwa Mama vitu hivyo ni kuta mbili. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu ndani ya nyumba mawimbi hugonga huku na huku, lakini inatosha kukuonyesha mwizi ni nani: umbali au ukuta.

Ukuta wa matumbawe

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Ni jiwe lilelile lililojenga Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waliojenga kwa jiwe hilo walitaka kuta za kuzuia joto, na walifanikiwa: ukuta wa nyumba ya Mama niliupima mlangoni, una nusu mita. Kwa mawimbi ya waifai, nusu mita ya jiwe ni mlima.

Tena jiwe lenyewe lina vitundu vitundu na hunywa maji. Maji hunyonya mawimbi haya vizuri sana. Ndiyo sababu wateja wangu wengine huniambia mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea na ukuta umelowa, chumba kilichokuwa kikishika kidogo huacha kushika kabisa. Wanachokosea ni kulaumu hewa ya bahari. Unyevu ulioko hewani, kwa umbali wa mita kumi au ishirini, hauzuii chochote cha maana. Ni unyevu ulioingia ukutani.

Usidhani nyumba mpya zimesalimika. Katika maghorofa ya Tudor na Nyali kuna zege lenye nondo, na kila slabu kati ya ghorofa na ghorofa ni kizuizi kizito kuliko ukuta wa tofali. Mabati hurudisha mawimbi yalikotoka. Kioo kikubwa cha kujitazamia hufanya hivyohivyo, kwa sababu nyuma yake kimepakwa madini. Friji, tangi la maji, kabati la chuma, vyote vitazame kama kuta. Mbao, kwa upande mwingine, hupitisha kwa urahisi, na makuti makavu karibu hayana neno. Aliye kwenye banda la makuti Mtwapa ana sababu chache za kuisoma makala hii.

Kuna jambo moja kuhusu kuta ambalo mafundi wenzangu wengi hawalisemi. Chukua karatasi uchore nyumba yako kwa juu, hata ikiwa mchoro haupendezi. Weka nukta pa ruta na nukta pa kitanda, kisha vuta mstari kati yao. Usihesabu kuta tu, tazama zimekatwa vipi. Mstari ukikata ukuta wa sentimita 50 moja kwa moja, mawimbi yatapita sentimita 50. Ukiukata kwa mshazari wa digrii 45, yatapita kama 70. Mshazari ukizidi hadi digrii 60, ukuta uleule umekuwa mita nzima ya jiwe. Ruta ya Mama ilikuwa imetundikwa kwenye pembe ya mlango wa mbele, kwa sababu ndipo fundi alipopata urahisi wa kuingiza uzi kutoka kwenye nguzo, na chumba chake kiko pembe ya upande wa pili. Pembe kwa pembe ndiyo njia mbaya kuliko zote ndani ya nyumba.

Kuisogeza ruta

Dawa ya kwanza haina gharama, na ndiyo ninayoijaribu kila mara kabla ya kutoa drili kwenye mkoba. Mawimbi hayapiti ukutani tu. Hupita pia milangoni na kwenye njia za ndani, yakigonga upande mmoja na kurudi upande wa pili. Ruta ikiwekwa mahali ambapo "inaona" mlango wa chumba kinachosumbua, hata kwa upande, ukuta mmoja huondoka kwenye hesabu.

Iweke juu, kama kimo cha kichwa cha mtu au zaidi, mbali na televisheni na nje ya kabati. Najua haipendezi na waya zake zinaning'inia, lakini kabati la kioo na chuma ndilo kaburi la ruta nyingi nilizozikuta. Antena zikiwa za nje, zisimamishe wima kama nyumba ni ya chini tu. Mawimbi ya antena ya aina hii hujipanga kama ngata ile ya kujitwikia mtungi kichwani, na antena imesimama katikati ya tundu: huenda mbali pande zote za ubavuni, na juu na chini hutoka kidogo sana. Kwa sababu hiyo mtu anayekaa ghorofa moja kwa moja juu ya ruta anaweza kukosa, huku jirani wa ubavuni akishika vizuri. Kama unataka kufikia ghorofa ya juu, ilaze antena moja na uache nyingine wima.

Tahadhari moja: uzi wa faiba unaoingia kwenye kisanduku cha kampuni usiuvute wala kuukunja mwenyewe. Ndani yake ni kioo, na kona kali huvujisha nuru hata kama haujakatika. Kiache kisanduku kilipo, uhamishe ruta kwa kuongeza waya wa mtandao kati yake na kisanduku. Kama ruta na kisanduku ni kitu kimoja, ombeni kampuni ije ihamishe.

Kwa Mama niliihamisha ruta kutoka pembeni hadi juu ya mlango wa ukumbi. Kitandani pakapanda kutoka -84 hadi -71. Desibeli 13, yaani nguvu iliongezeka mara ishirini, bila shilingi ila waya mfupi. Ujumbe ukaanza kupita bila kusubiri, lakini video ikawa bado inaganda jioni.

Masafa mawili, na majirani

Karibu kila ruta ya siku hizi hurusha masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12 na nusu, la 5 lina kama sentimita 6. Lile refu hupenya kuta vizuri zaidi, lile fupi hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka haraka mbele ya jiwe. Shida hutokea pale ruta inapoyapa yote mawili jina moja: simu hung'ang'ania la 5 kwa sababu barazani lilikuwa na kasi, nawe ukifika chumbani inaendelea kulishikilia huku likikata roho. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uyape majina mawili tofauti kwa muda, ujaribu kila moja ukiwa kitandani. Katika nyumba ya mawe, chumba cha mbali karibu kila mara kitachagua 2.4.

Ila 2.4 ni barabara nyembamba yenye watu wengi. Chaneli zake, yaani vijia ambavyo masafa haya yamegawanywa, ni nyingi kwa nambari, lakini zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Nikisimama kwenye ghorofa lenye nyumba ishirini huwa naona ruta nyingi zimerundikana kwenye chaneli 6, na moja mbili zimekaa kwenye 3 au 4 zikisumbua pande zote mbili. Tazama majirani zako wako wapi, uchague iliyo na wachache kati ya zile tatu, na upana wake uuweke megahezi 20, usiuweke 40. Jiko la maikrowevu nalo hufanya kazi kwenye 2.45, ndani kabisa ya masafa haya, na kinachovuja kidogo tu kinatosha kuharibu simu ya video kwa zile dakika mbili za kupasha chakula. Kama neti yako hufa saa ya futari, angalia jikoni kwanza.

Mnong'ono wa simu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mama aliniambia, "Mwanangu, mimi namsikia vizuri, yeye ndiye asiyenisikia." Nilimuuliza mara mbili nihakikishe, kwa sababu maneno hayo ndiyo utambuzi wenyewe wa ugonjwa. Waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Ruta ina umeme wa ukutani na antena za wazi. Simu ina betri ya kubania na antena ndogo iliyofichwa ndani, na kwa kawaida hurusha kwa nguvu ndogo kuliko ruta. Kwa hiyo mahali pa pembezoni, simu inaisikia ruta, lakini ruta haiisikii simu. Ukinunua ruta ya kurusha kwa nguvu zaidi umempa mmoja kipaza sauti, na mwingine bado ananong'ona nyuma ya ukuta wa matumbawe. Vijistari vitaongezeka kwenye simu na mazungumzo yatabaki yaleyale.

Busta, au repita, ile inayochomekwa kwenye soketi, ikayapokea mawimbi ya ruta na kuyarusha upya, inatatua hilo kwa kuwa inakuwa karibu na simu. Si kifaa cha ulaghai. Lakini ina mipaka miwili ambayo wauzaji huinyamazia. Kwanza, repita ya kawaida yenye redio moja, yaani kipande kimoja cha kupokea na kurusha mawimbi, haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Kila kipande cha data hupita hewani mara mbili, na kasi hushuka hadi karibu nusu. Pili, haiongezi kisichofika. Watu huichomeka ndani ya chumba kilichokufa, nayo inakusanya -84 na kuirudia kwa sauti kubwa. Simu inaonyesha vijistari vyote, kasi haipo. Mahali pake ni katikati, pale ambapo yenyewe bado inasoma -60 au -65 kutoka kwenye ruta, na kutoka hapo inaona mlango wa chumba. Ndani ya nyumba za mawe mahali hapo mara nyingi hakuna soketi, na ndiyo hadithi ya busta nyingi zilizolala kwenye madroo ya Mombasa.

Mifumo ya meshi, yenye vituo viwili au vitatu vinavyosemezana, hufanya kazi hiyo kwa akili zaidi, hasa ile yenye redio ya ziada ya kusemezana yenyewe kwa yenyewe. Bado inategemea hewa kupenya ukuta uleule. Ukiwa na pesa za meshi na nyumba ya matumbawe, inunue, lakini vituo viunganishe kwa waya. Vipo pia vifaa vya kupitisha data kwenye nyaya za umeme za nyumbani. Nimevitumia mara chache. Mahali penye nyaya nzuri vilifanya kazi, mahali penye nyaya za zamani zilizoungwaungwa havikufaa. Kama muuzaji hakubali urudishe, usinunue.

Mpitishe waya penye jiwe

Ninachokiamini baada ya nyumba nyingi ni hiki: ukuta mnene uachie waya, hewa ipewe chumba kimoja tu. Shaba haijali matumbawe. Waya wa mtandao wa daraja la Cat5e hubeba megabiti elfu moja kwa sekunde hadi mita 100, na hakuna nyumba ya kawaida Mombasa inayohitaji mita 100. Kwa Mama zilitumika mita 18, na huko chumbani ikafungwa ruta ya pili, ya zamani, iliyokuwa imekaa bure kwa mjomba.

Chunguza waya kabla ya kulipa. Kuna unaouzwa rahisi ambao ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza ncha kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, uache. Huvunjika kwenye kichwa, na kwa mwendo mrefu hupoteza. Ukipitisha nje ya nyumba, tumia waya mweusi uliotengenezwa kwa jua, kwa sababu ganda la waya wa ndani hukauka na kupasuka juani. Vichwa vya waya visiachwe wazi upande wa bahari. Chumvi hula vijipini vyake na baada ya mwaka mmoja unaanza kutafuta ugonjwa mahali ambapo haupo. Waya uutenge na nyaya za umeme, angalau upana wa kiganja kilichotandazwa, na zikilazimika kupishana, zipishane msalaba.

Kwa wenye nyumba za Mji wa Kale nina ombi. Hili ni eneo la hifadhi, na ukuta wa mbele wenye milango ya nakshi si wa kutobolewa na kila fundi mwenye drili. Ulizeni kabla ya kugusa upande wa mtaani. Ndani, tundu huwa tayari lipo: pale umeme ulipopitishwa zamani, pale boriti inapoingia ukutani, au juu ya fremu ya mlango. Mimi kwa Mama sikutoboa hata tundu moja. Waya ulipita juu ya mlango wa ukumbi, ukafuata boriti, ukashuka kwenye ushoroba mdogo ulio mbele ya chumba chake.

Kuiandaa ruta ya pili ndiko kunakowashinda wengi, na ukikosea hapa nyumba nzima inakosa mtandao. Ruta mbili zikiachwa kila moja igawe anwani, yaani nambari za kuvitambulisha vifaa kwenye mtandao, zitagombana. Kama ruta ya pili ina chaguo la kuwa kituo cha kurushia tu, lichague, kazi imekwisha. Kama haina, iunganishe kwanza na kompyuta peke yake. Ibadilishie anwani isifanane na ya kwanza. Kama ya kwanza ni 192.168.1.1, hii iwe 192.168.1.2. Kisha zima DHCP, ambayo ndiyo kazi ya kugawa anwani. Waya kutoka ruta ya kwanza uuchomeke kwenye tundu mojawapo la LAN, yale ya vifaa vya nyumbani, usiuchomeke kwenye lile la WAN, la kuingizia intaneti, lenye rangi tofauti. Jina la mtandao na nywila vifanane na vya ruta ya kwanza, ili simu ihamie yenyewe bila kumuuliza Mama kitu. Chaneli zitofautiane: ya mbele niliiweka 1, ya nyuma 11.

Bado kuna simu zinazong'ang'ania ruta ya mbali hata zikiwa zimefika karibu na nyingine. Uamuzi wa kuhama ni wa simu, si wa ruta. Punguza nguvu ya kurusha ya ruta ya mbele hadi ya kati. Watu hukataa kunisikia nikisema hivyo, wanaona napunguza walichokilipia. Lakini ruta ya mbele ikinyamaza kidogo, simu ya chumbani huacha kuitegea sikio mapema.

Mama hakutaka taa za kuwakawaka ndani ya chumba cha kulala, na nilikubaliana naye. Ruta ya pili ikakaa ushorobani, juu ya mlango wake. Nikaketi kitandani na simu, mlango ukiwa wazi: -46. Nikapima kasi nikapata megabiti 19. Kisha nikaufunga ule mlango mzito wa msaji, nikasoma tena: -50. Mbao, hata nene, inadai desibeli chache tu.

Alifika ushorobani nikiwa nakusanya nyaya. "Kwisha?" akauliza.

"Kwisha, Mama. Jaribu."

Akampigia bintiye palepale, akawa anatazama kioo akingoja kigande. Hakikuganda. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto. Baada ya dakika kama mbili akaniangalia, akasema, "Mwanangu, haya, shukran sana," akaingia ndani na kufunga mlango.